Dirisha la tiketi likifungwa, wewe usifungwe nalo

Kijana mmoja wa Masasi anayekatisha tiketi za mabasi ameniandikia wiki iliyopita. Ameambiwa ofisi yao inafungwa, abiria watakata wenyewe kwenye simu. Anauliza: "Kaka, nirudi shamba au nitafute bodaboda?" Namjibia hapa, maana wenye swali hilo ni wengi, na wote tunataka kitu kimoja: kujitegemea.

Mdogo wangu, mimi nimekaa dirishani tangu enzi za kitabu cha tiketi na karatasi ya kaboni. Mchoro wa siti ulikuwa chini ya kioo cha meza, nikiuza siti naweka alama. Siti za mbele nilizishikilia mpaka jioni kwa ajili ya wajawazito na wazee wanaopelekwa Muhimbili. Hakuna aliyenituma. Mama akija na mtoto mgonjwa, nauli imepelea, namvuta kondakta pembeni tunaelewana. Hiyo ndiyo kazi ya dirishani, na waliotuondoa hawakuijua kwa sababu haikuandikwa popote.

Mei 2024, kipindi cha Kimbunga Hidaya, mafuriko yalipokata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga, watu walijaa dirishani kwangu tangu alfajiri. Huyu ana msiba Kibiti, yule ana usaili Dar. Nilibadilisha tarehe, nikarudisha nauli, wengine nikawaelekeza wazungukie Tunduru na Songea. Hata waliokata kwa simu walikuja kwangu, kwa sababu namba waliyopewa ilikuwa haipokelewi.

Haukupita muda mrefu, ofisi ikafungwa. Niliambiwa kwa simu, siku ya Jumapili. Hata kuja kuniangalia usoni hawakuja. Iliniuma, na bado inaniuma.

Wala si sisi wa kusini peke yetu. Mwaka 2023 kampuni za treni Uingereza zilitangaza mpango wa kufunga karibu ofisi zote za tiketi kwenye stesheni za England, kwa hoja hiyohiyo kwamba watu wanakata mtandaoni. Wananchi wakapeleka maoni takriban 750,000. Wazee na watu wenye ulemavu walisema wazi kwamba mashine haimshiki mtu mkono. Oktoba 31 mwaka huohuo serikali ikawaambia wenye treni waachane na mpango huo. Huko simu janja zimejaa na intaneti haisumbui, na bado watu walimtaka mtu dirishani. Sembuse bibi wa Newala mwenye simu ya kitochi?

Kwa hiyo usirudi shamba kwa hasira. Watu unaowajua ndio mtaji wako. Mimi nilianza na meza na mwavuli karibu na stendi, nikawa wakala wa miamala, kisha nikaomba uwakala wa tiketi kwa kampuni moja, baadaye nyingine. Leo nina fremu na nimeajiri binti mmoja. Nakata tiketi za mabasi, na tangu SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, abiria wangu wanaounganisha safari Dar nawakatia za treni hukuhuku mtandaoni, wasifike kule wakaanza kuhangaika.

Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Mzee asiyesoma ujumbe wa simu mchapishie karatasi, mwandikie saa ya kuripoti kwa kalamu nene. Chukua namba ya mtoto wake pia, gari likichelewa umpigie. Na ufungue mapema! Abiria wa alfajiri hawakusubiri unywe chai.

Ninyi vijana wenye simu kubwa, acheni kuwacheka wazazi wanaouliza "dirisha liko wapi." Mkatieni mama tiketi, kisha mpelekeni mpaka kwenye gari mkamwoneshe siti. Na wenye mabasi, mkifunga ofisi, basi acheni hata mtu mmoja stendi, mwenye mamlaka ya kubadilisha tarehe na kurudisha nauli. Mshahara wake hauwezi kuwafilisi.

Mdogo wangu wa Masasi, kabla hawajakufungia, omba barua ya utambulisho wa kazi. Mimi nilinyimwa, na uwakala wangu wa kwanza ulichelewa kwa sababu hiyo. Iombe ukiwa bado unashika funguo za ofisi.