Mkaguzi wa hataza amekataa dai langu la uhalisia ulioboreshwa kwenye simu: nijibu nini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeunda programu ya simu ambayo fundi akielekeza kamera kwenye mtambo, lebo zinatokea juu ya picha zikitaja kila valvu na kipimo chake. Kazi kubwa ilikuwa kuzuia lebo zisiruke fundi anapogeuza simu ghafla: programu inatumia jairoskopu, kihisi kinachopima mzunguko wa simu, kushikilia lebo mpaka picha itulie. Niliomba hataza, na sasa barua ya mkaguzi imekuja. Anasema dai la 1 si jipya kwa sababu ya hati D1, iliyotangulia ombi langu, na kwamba rangi na mpangilio wa lebo ni uwasilishaji wa taarifa tu. Dai la 4, lenye jairoskopu, anasema halina hatua ya uvumbuzi, yaani ni dhahiri kwa mtu wa fani, ukiunganisha D1 na hati nyingine ya zamani, D2. Niachane nalo, au kuna la kujibu?

JIBU: Ndugu msomaji, usiachane nalo bado. Dai la 1 haliteteeki tena upande wako, liache liende. Dai la 4 ndilo lenye uhai, ila si kwa jinsi lilivyoandikwa.

Madai ni sentensi zinazotaja unachotaka kilindwe, na ya aina ya dai lako la 1 husomeka hivi: simu inapokea picha ya kamera, inatambua kifaa kilichomo, inaweka lebo juu yake. Ili kuua upya wa dai kama hilo, mkaguzi anahitaji hati moja tu yenye vipengele vyote, na hati za namna hiyo zimejaa. Jun Rekimoto alionyesha NaviCam mwaka 1995, kifaa cha kushika mkononi chenye kamera kilichosoma alama za rangi na kuandika maelezo juu ya picha. ARToolKit ya Hirokazu Kato ilikuwa inafuatilia alama kwa kamera tangu 1999. Kufikia 2009 Wikitude na Layar zilikuwa kwenye simu za kawaida, na ARKit ya Apple ya 2017 ikaufanya ufuatiliaji wa kamera kuwa zana ya kila mtengeneza programu. Kujibu kwamba yako ni ya valvu na zile nyingine ni za majengo hakusaidii. Lebo inachosema hakibadilishi namna simu inavyofanya kazi.

Ofisi ya Hataza ya Ulaya inafuata msimamo unaojulikana kwa jina la COMVIK, uamuzi T 641/00 wa mwaka 2002: kipengele kisichochangia utatuzi wa tatizo la kiufundi hakihesabiwi unapopima hatua ya uvumbuzi. Rangi nyekundu kwa shinikizo kubwa, lebo kukaa kushoto, herufi nene, vyote hivyo mkaguzi anaweza kuviingiza kwenye tatizo lenyewe kama matakwa ya mteja, kisha akauliza kama fundi wa programu angepata shida kuvitekeleza. Hangepata. Njia ya kupitia ipo, nayo ni nyembamba: taarifa inayoonyesha hali halisi ya mtambo na kumwongoza mtumiaji hatua kwa hatua katika kazi ya kiufundi inaweza kuhesabiwa kuwa na mchango wa kiufundi, mradi msaada huo uaminike. Ikiwa programu yako inasubiri kihisi kithibitishe kwamba valvu imefungwa ndipo itoe lebo inayofuata, liandikie hilo dai tegemezi, yaani dai linaloongeza kipengele juu ya dai jingine. Usilifanye nguzo ya kesi.

Marekani wanaingilia mlango mwingine. Kifungu cha 101 cha sheria yao ya hataza, kama kilivyosomwa katika kesi ya Alice ya 2014, kinauliza kama dai ni wazo dhahania lililovikwa kompyuta. Kwa kazi kama yako, kesi ya kuikumbuka ni Thales Visionix ya 2017. Madai yake yalihusu vihisi viwili vya mwendo, kimoja kwenye kitu kinachofuatiliwa, kama kofia ya rubani, na kingine kwenye chombo kinachosafiri. Hesabu zilikuwemo tele, lakini mahakama ya rufaa iliona kwamba madai yanahusu mpangilio mahususi wa vihisi na matumizi yake mahususi ya data ghafi, si hesabu tupu. Uandishi wa dai lako ufuate mkondo huohuo: kihisi gani, kinatoa nini, thamani hiyo inabadilisha nini ndani ya simu.

Sasa jairoskopu. Kuunganisha kamera na jairoskopu ni jambo la zamani, na mkaguzi ana haki kusema hivyo. Ukibaki na maneno "simu inapogeuka kwa kasi, tumia jairoskopu", D2 itakumaliza. Swali linaloamua kesi ni hili: programu yako inajuaje kwamba wakati wa kuiacha kamera na kutegemea jairoskopu umefika?

Chukua kamera yenye upana wa kuona wa digrii 60 na picha ya pikseli 1920 kwa mlalo. Digrii moja ni takribani pikseli 32. Fundi akigeuza simu kwa digrii 60 kwa sekunde, na kamera inapokea mwanga kwa 1/30 ya sekunde kwa sababu chumba kina giza, picha inaburuzika digrii 2, yaani pikseli 64. Kona na kingo ambazo programu inazitegemea kufuatilia mtambo zimefutika. Kasi ileile nje kwenye mwanga, kamera ikipokea mwanga kwa 1/500 ya sekunde, inaburuza pikseli 4 hivi, na ufuatiliaji unaendelea bila shida. Kwa hiyo kikomo kisichobadilika cha kasi kinakosea pande zote mbili. Ukikiweka digrii 60 kwa sekunde, juani utatupa fremu nzuri, na gizani utakubali fremu za digrii 30 kwa sekunde zilizoburuzika pikseli 32.

Ikiwa programu yako inazidisha kasi ya mzunguko kwa muda wa kupokea mwanga wa fremu ileile, inapata mburuzo kwa pikseli, na inaamua kwa kulinganisha na kikomo cha pikseli, hapo una kitu cha kushika. Soma D2 kwa makini utafute neno lolote linalohusu muda wa kupokea mwanga. Kama inataja kasi ya mzunguko peke yake, tofauti yako imepatikana na ina sababu ya kiufundi inayoeleweka.

Dai jipya laweza kuandikwa hivi: "Njia inayotekelezwa na kifaa cha mkononi chenye kamera na jairoskopu, ambapo kifaa (a) kinapata, kwa kila fremu, muda wa kupokea mwanga wa fremu hiyo na kasi ya mzunguko iliyopimwa katika muda huo, (b) kinakokotoa kutokana na hivyo viwili kiasi cha mburuzo wa picha katika pikseli, (c) mburuzo ukizidi kikomo, kinaiondoa fremu hiyo katika ufuatiliaji wa sura za mtambo na kusogeza mahali pa lebo kwa vipimo vya jairoskopu pekee, na (d) mburuzo ukirudi chini ya kikomo, kinagawanya tofauti kati ya mahali palipokadiriwa na mahali palipopimwa na kamera katika fremu kadhaa zinazofuatana."

Hatua ya (d) usiidharau. Jairoskopu yenye kosa la kudumu la digrii 0.5 kwa sekunde, baada ya sekunde 2, imekusogeza digrii 1, pikseli 32. Kamera ikirudi kazini, lebo itaruka umbali huo mara moja. Kulisambaza kosa hilo katika fremu 10 ni jambo dogo likiwa peke yake, na D2 inaweza kuwa nalo, lakini likiungana na (a) hadi (c) linatoa matokeo ya pamoja ambayo mkaguzi hawezi kuyakata vipandevipande kirahisi.

Hoja ya barua ifuate mpangilio ambao mkaguzi mwenyewe anautumia. Taja hati iliyo karibu zaidi, hapa D1. Taja tofauti, na usiipambe. Eleza tofauti hiyo inaleta nini: lebo inabaki mahali pake katika viwango tofauti vya mwanga, na kichakataji hakipotezi muda kutafuta kona kwenye fremu zisizofaa. Kutokana na hayo tunga tatizo bila kudokeza jibu ndani yake. "Jinsi ya kutumia muda wa kupokea mwanga" si tatizo, ni jibu. Kisha onyesha kwamba mtu mwenye ujuzi wa fani aliye na D1 na D2 mkononi angeishia kwenye kikomo kisichobadilika. Mkaguzi akisema kuchagua kikomo ni kazi ya kawaida ya majaribio, jibu lako ni kwamba hukuchagua namba nyingine ya kikomo kilekile, umebadilisha kinachopimwa.

Haya yote yanasimama kwa sharti moja: muda wa kupokea mwanga uwe umetajwa katika maelezo uliyowasilisha siku ya kwanza. Ulaya Ibara ya 123(2) ya Mkataba wa Hataza, na Marekani kifungu cha 132 cha sheria ya hataza, zinakataza kuingiza jambo jipya baada ya kuomba. Kama maelezo yanasema tu "kasi ikizidi kiwango", huwezi kuliokoa dai kwa kuongeza leo ulichokuwa unakijua tangu zamani. Hapa ndipo maombi mengi mazuri ya programu hufia: mwandishi alijaza kurasa za picha za skrini, akaupa uamuzi wenyewe sentensi moja. Kuna mtego mwingine pembeni. Ikiwa kikomo cha mburuzo kimeelezwa mahali pamoja tu, kikifungamana na marekebisho ya picha inayosomwa mstari kwa mstari, Ulaya hawatakuruhusu ukichomoe peke yake bila hayo marekebisho, isipokuwa msomaji aone wazi kwamba viwili hivyo havitegemeani.

Uwe tayari pia kwa pingamizi kuhusu kutosheleza kwa maelezo, yaani kama mtu wa fani anaweza kuutekeleza uvumbuzi kwa kuyafuata. Jairoskopu inapima mzunguko, haipimi kusogea. Fundi aliye mita 1 kutoka kwenye valvu akisogea sentimita 10 pembeni, lebo inapaswa kuhama digrii zipatazo 5.7, zaidi ya pikseli 180, na jairoskopu haitajua. Usidai kwamba lebo inabaki mahali pake "katika mwendo wowote". Andika mzunguko, au ongeza kihisi cha mchapuko ikiwa maelezo yako yanakitaja. Maneno kama "kwa kasi", "karibu" na "kwa wakati halisi" yaondoe kwenye madai au uyape kipimo, maana mkaguzi atayarudisha kwa kukosa uwazi.

Angalia tena nani anatenda katika kila dai. Dai linalosema fundi anainua simu, seva inatambua mtambo, simu inaonyesha lebo, lina watendaji watatu, na mshindani atapona kwa kuweka seva mikononi mwa mwingine. Dai hapo juu linatekelezwa na simu peke yake. Andaa pia dai la kifaa na la chombo cha kuhifadhia programu kwa maneno yaleyale.

Kabla ya kutuma, fanya msako wako mwenyewe kwenye Espacenet, hifadhidata ya hataza ya mtandaoni, kwa msimbo wa uainishaji G06T 19/006 wa uhalisia mchanganyiko, ukiuunganisha na G06T 7/70 wa kukadiria mahali na mwelekeo wa kamera, na G06F 3/0346 wa vifaa vya kuelekezea vyenye vihisi vya mwendo. Kumbuka kwamba maombi hukaa miezi 18 hivi bila kuchapishwa, hivyo ukimya wa hifadhidata si uthibitisho. Muda wa kujibu umeandikwa kwenye barua. Ulaya mara nyingi ni miezi 4, Marekani ni 3, na unaweza kulipia nyongeza hadi ifike 6. Omba mazungumzo ya simu na mkaguzi, na umtumie rasimu ya dai siku kadhaa kabla.

Mwisho, linganisha tarehe ya kuomba na tarehe programu ilipowekwa dukani au video yake ilipopandishwa mtandaoni. Marekani inakuvumilia mwaka mmoja kwa ulichokitoa mwenyewe. Ulaya haina uvumilivu huo ila kwa hali chache sana, na kama programu yako ilitoka kwanza na mtu aliweza kujua kutokana nayo jinsi kikomo kinavyofanya kazi, inaweza kutumika dhidi yako kama D1.