Udaktari au famasia? Kwanza usilipe hiyo pesa ya Ijumaa

Usilipe. Lishike hilo kwanza, mengine baadaye.

Umesema una B ya mtihani wa Form Four (KCSE), uko Likoni, Mombasa, huwezi kuamua kati ya udaktari na famasia, na kuna wakala mjini anakuhimiza ushike nafasi ya diploma ya famasia kwenye chuo chao kabla ya Ijumaa, ati ukimaliza "utaunganisha" udaktari mwaka wa tatu. Mdogo wangu, mtu huyo namjua. Sura yake siijui, maneno yake nayajua, maana ndiyo niliyouziwa mimi, mpaka hilo la Ijumaa. Sijui kwa nini watu hawa wanaipenda Ijumaa hivi, labda wanafukuzia baraka.

Wangu alikuwa na ofisi ghorofani, karibu na Mwembe Tayari. Feni inazunguka, picha ya darubini ukutani, na yeye kavaa koti jeupe. Koti jeupe, la kupokelea karo! Mimi na akili zangu za Form Four nikajua huyu ni daktari. Ami yangu aliyenipeleka akaapa ni watu wa kuaminika kwa sababu mtoto wa rafiki yake anasoma pale. Huyo mtoto mwenyewe hakumuuliza hata neno moja. Mama akauza bangili zake za dhahabu, zile za harusi, tukalipa muhula wa kwanza, kisha wa pili, kisha tukaendelea kulipa.

Na tulisoma kweli, hilo ndilo linaloniuma. Mwalimu wa hesabu za dozi alikuwa hodari, ninachojua leo nusu ni chake. Mambo yaliharibika tulipoanza kutafuta hospitali ya kufanyia mazoezi. Mfamasia aliyenipokea akaniomba namba yangu ya indeksi, ile anayopewa mwanafunzi wa famasia na Bodi. Nikampa ile ya KCSE! Akacheka, kisha akaniangalia vizuri, akaacha kucheka. Akafungua orodha ya Bodi ya Famasia na Sumu kwenye simu yake, akanigeuzia nitafute chuo chetu mwenyewe. Nilitafuta juu hadi chini, nikarudia, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye ukuta wa matokeo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapofungwa macho. Ukutani pale ofisini palikuwa na cheti cha usajili, na kilikuwa halali. Kilikuwa cha chuo kama chuo, kwa ajili ya kozi zao za kompyuta na hoteli. Kozi ya famasia ni jambo jingine. Hiyo inatambuliwa na Bodi, chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, na ni Bodi hiyohiyo inayoshika rejista. Kozi isipotambuliwa, hata ukiongoza darasa huwezi kuingia rejistani, na bila rejista huruhusiwi kuendesha duka la dawa hata la kichochoroni Majengo. Kwa udaktari ni vivyo hivyo, ila mlango wao ni baraza la madaktari, KMPDC.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi, ingia tovuti ya Bodi au wapigie simu, uulize mambo mawili: chuo hiki kwa kozi hii kinatambuliwa? Nikimaliza naandikwa kama nani? Usimuulize wakala. Usimuulize ami. Usimuulize hata mwanafunzi anayesoma pale, maana mimi nilikuwa mwanafunzi anayesoma pale na nilikuwa nawaambia wenzangu waje.

Hilo la "nani" lina uzito wake. Diploma inakutoa mteknolojia wa famasia, kazi ya heshima, ndiyo yangu leo baada ya kuanza upya chuo cha serikali. Mfamasia ni mwenye digrii. Wapo wanaopanda kutoka diploma hadi digrii ya famasia, lakini daraja la kukuvusha kutoka diploma ya famasia hadi mwaka wa tatu wa udaktari, huyo wakala akuonyeshe lilipo, na mimi nitapita.

Umeuliza ipi ni fupi. Digrii ya udaktari ni miaka sita, ya famasia mitano, na kila mmoja ana mwaka wa intanshipu baadaye, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Tofauti ni mwaka mmoja tu, basi! Na usidhani mfamasia anakwepa misukosuko ya madaktari: chama chao cha wafanyakazi, KMPDU, ni cha wote, wafamasia wamo. Mgomo wao wa 2024 ulikwenda siku 56, na moto wake mkubwa ulikuwa intanshipu, serikali ikitaka kulipa shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 na ushei za mkataba.

B yako inavuka C+ ya kuingilia digrii, lakini udaktari wa vyuo vya umma kupitia KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, unagombaniwa na wenye A na A-. Angalia alama zako za baiolojia na kemia kabla ya kuota.

Na hilo ulilosema, kwamba unaogopa damu, sina ushauri. Mimi dukani damu naiona kwa nadra, ninachokiona kila siku ni watu wanaotaka antibayotiki bila karatasi ya daktari na kukasirika nikikataa. Mshahara nao ulikuwa umeuliza, sivyo? Hilo lingoje.

Koti jeupe nililonunua kwa ajili ya kozi ile bado ninalo, nalivaa nikipaka rangi nyumba.

Niandikie pembeni jina la hicho chuo leo, tulitafute pamoja kwenye orodha. Na kama huyo bwana ameshakula pesa ya "kushika nafasi", sema tu, na risiti uitunze, tuone kama itarudi.