Magunia 12 ya mahindi, watu 8: yatatufikisha lini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkulima wa Kongwa, Dodoma. Tumemaliza kupukuchua mwishoni mwa Juni na tumepata magunia 12 ya mahindi, debe sita kila gunia, pamoja na madebe matatu ya maharage. Nyumbani tupo wanane: mimi, mume wangu, mama mkwe wa miaka 70, na watoto watano. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 15, anafuata wa kike wa miaka 11, kisha wa 8, wa 4, na mdogo wa miezi saba ambaye bado ananyonya. Mume wangu anataka tuuze magunia matatu tulipe ada ya mkubwa, anasema tisa yanatosha mpaka mavuno. Mimi roho inasita, maana mwaka jana tulianza kununua unga Januari. Kuna namna ya kitaalamu ya kujua chakula kitaisha lini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Namna ipo, na haihitaji zaidi ya kalamu, daftari na mizani ya kuazima. Nimefanya kazi ya lishe vijijini miaka mingi, na nyumba nyingi zinazoishiwa Januari hazikuwa na chakula kidogo sana. Zilihesabu magunia yaliyopo ghalani badala ya unga utakaofika chunguni. Kati ya viwili hivyo kuna pengo, na ndilo lililowakuta mwaka jana.

Tuanze na gunia lenyewe. Umesema debe sita. Debe lililosawazishwa mdomoni kwa ubao na debe la kilele si kitu kimoja. Kwa mahindi makavu, la kusawazisha hutoa kilo 15 hivi na la kilele hufika 18. Kwa hiyo gunia lako linaweza kuwa la kilo 90 au la kilo 108. Kwa magunia 12 tofauti hiyo ni kilo 216, yaani zaidi ya magunia mawili ambayo huenda unayo au huna. Kabla ya kubishana na mume wako, pimeni magunia mawili matatu kwenye mizani ya mnunuzi. Mimi hapa nitashika kilo 90, ili tukikosea, tukosee upande ulio salama. Jumla ni kilo 1,080.

Sasa toa yale ambayo hayataliwa na watu wa nyumba yako. Kama mnapanda mbegu ya kwenu, ekari moja hutaka kilo 8 hadi 10. Kwa ekari mbili weka kilo 20 pembeni leo, kwenye chombo chake, si "tutatoa baadaye". Halafu kuna misiba, wageni, na mchango wa chakula cha shuleni. Watu huona haya kuandika mambo haya kana kwamba wanamhesabia marehemu, lakini mahindi hayo hutoka kila mwaka. Weka madebe mawili, kilo 30. Ukijua shule yenu huchangisha zaidi, andika zaidi. Tumebaki na kilo 1,030.

Wadudu nao wana fungu lao, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Dumuzi, yule mdudu ambaye wengi tunamwita Scania, aligunduliwa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti uliofanyika huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuta mahindi ya wakulima yamepoteza hadi theluthi moja ya uzito ndani ya miezi michache ya kuhifadhiwa. Si kila ghala hufika huko. Kwa magunia ya kawaida yaliyowekwa dawa na kukaguliwa, mimi huandika asilimia 10. Ila usidhani hasara hiyo inagawanyika sawasawa. Gunia unalofungua Julai halijaliwa bado. Unalolifungua Machi limekaa miezi minane na wadudu, na ndilo unalolitegemea wakati duka limepandisha bei. Ukitoa asilimia 10 unabaki na kilo 927.

Halafu mashine. Ukisaga dona unapoteza kidogo sana, kilo tatu hivi katika mia, kwa hiyo unapata karibu kilo 900 za unga. Ukikoboa na kusaga sembe, robo nzima hubaki kama pumba, na unga unakuwa kilo 695. Kuku watafurahi, lakini tofauti ni kilo 205 za chakula cha watoto. Ninaipendelea dona kwa sababu hii, na kwa sababu kiini cha punje ndimo yalimo mafuta na sehemu kubwa ya vitamini. Ina masharti mawili: unga wake huchacha mapema, hivyo saga kidogo kidogo, na mahindi yawe masafi, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Yenye ukungu, yaliyovunjika au kubadilika rangi yachambue na usiyahesabu kabisa. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sitaki hesabu yangu imshawishi mtu kupika mahindi mabovu ili siku zitimie.

Tugeukie walaji. Mashirika yanayogawa chakula cha dharura, kama WFP (Mpango wa Chakula Duniani), hupanga kwa kuanzia kilokalori 2,100, kipimo cha nguvu ya chakula, kwa mtu kwa siku. Ukizidisha kwa wanane unapata 16,800. Lakini 2,100 ni wastani wa jamii nzima, wazee na vichanga wakiwemo, na nyumba moja haifanani na jamii. Kwenu, mume wako akiwa analima anahitaji kama 2,800, na kijana wa miaka 15 vilevile, msimwonee sahani. Wewe unayenyonyesha na kushika jembe unahitaji 2,700, kwa sababu maziwa pekee yanataka nyongeza ya 500 hivi. Mama mkwe 1,800, binti wa miaka 11 anataka 2,100, wa miaka 8 anataka 1,700, wa 4 anataka 1,300. Mdogo bado analishwa zaidi na ziwa, mwandikie 250 za uji. Jumla ni 15,450, tuseme 15,500.

Kwa nyumba ya wakulima wa Kongwa si ajabu robo tatu ya nguvu hiyo kutoka kwenye ugali na uji. Hizo ni kilokalori 11,600 hivi, na kilo moja ya unga wa mahindi ina takriban 3,600. Kwa hiyo chungu chako kinakula kilo 3.2 za unga kwa siku. Namba hii iandike ukutani.

Ukigawa, dona kilo 900 ni siku 281. Ukianza Julai mosi unafika wiki ya kwanza ya Aprili. Sembe kilo 695 ni siku 217, nazo zinaishia mwanzoni mwa Februari. Sasa uza magunia matatu kama anavyotaka baba watoto, kisha rudia hesabu ileile kwa tisa: dona inakufikisha wiki ya tatu au ya nne ya Januari, sembe inaishia wiki ya kwanza ya Desemba. Unaona kwa nini mwaka jana mlinunua unga Januari? Desemba ndipo mnapanda, jembe linaanza, na mwili unataka zaidi.

Kwa matumizi ya kila siku, ishike hivi: gunia moja nyumbani kwako ni siku 24 za dona au siku 19 za sembe. Mkae wawili, mume wako aseme anauza mangapi, wewe useme ni siku ngapi. Mazungumzo yatakuwa mepesi zaidi.

Bado sijagusa maharage, na ndiyo yanayowapotosha wengi. Madebe matatu ya kusawazisha ni kama kilo 45. Kipimo kizuri ni gramu 60 kwa mtu kwa siku, na kwa watu saba (mdogo tumwache) ni gramu 420. Yataisha kwa siku 107, katikati ya Oktoba. Watu husema, "Sawa, baada ya hapo tutakula mboga." Lakini maharage yakiisha, nguvu yake lazima itoke mahali, na inatoka kwenye ugali. Gramu 420 za maharage zina kilokalori 1,400 na ushee, na kuzifidia unahitaji karibu gramu 400 zaidi za unga. Chungu cha kilo 3.2 kinakuwa cha 3.6 bila mtu kutangaza. Kwa dona yako ile ya siku 281, tarehe ya mwisho inarudi nyuma hadi siku 262, yaani wiki ya tatu ya Machi. Hapo sijasema lolote kuhusu watoto kukosa protini kwa miezi mitano. Ndiyo maana sipendi kuhesabu kila chakula peke yake: kimoja kikiisha, kingine hukimbia.

Kuna kitu kimoja ambacho namba zangu haziwezi kukupa, nacho ni jinsi nyumba yenu inavyokula kweli. Huenda mnapika ugali mara mbili kwa siku, huenda mchana ni viazi. Kwa hiyo jipime. Chukua debe moja la kusawazisha, lisage peke yake, andika tarehe, usiliongezee kitu mpaka liishe. Kwa kilo 3.2 kwa siku linapaswa kuisha ndani ya siku nne na nusu. Likiisha kwa siku tatu na nusu, namba ya ukutani ibadilishe, hata kama mimi nilisema vingine. Rudia Desemba wakati wa kulima na wakati watoto wapo likizo, maana kipimo cha Agosti hakitakuambia ukweli wa Desemba.

Sasa ada. Sipendi kumwambia mzazi asilipe ada, na mume wako hana kosa kuiwaza. Ningewashauri muuze gunia moja, si matatu, na fedha nyingine itafutwe kwa mbuzi, kuku au kuomba shule ipokee kwa awamu. Sababu ni hii. Mkihamisha mahindi yaliyobaki kwenye mifuko ya tabaka tatu, ile ya PICS tunayoiita kinga njaa, wadudu hufa kwa kukosa hewa na hasara huweza kushuka kutoka asilimia 10 hadi kama 2. Kwenye kilo 1,030 tofauti ya asilimia 8 ni kilo 82, karibu gunia zima. Kwa maneno mengine, gunia mnalouza linarudishwa na mifuko. Angalia tu mahindi yawe makavu kabla ya kufunga: tia chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi kwenye chupa kavu, tikisa dakika mbili tatu, uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Na mfuko ukishaufunga usiuchungulie kila wiki, fungua mmoja tu na uumalize.

Sehemu ya fedha ya gunia hilo inunue maharage au kunde sasa hivi, wakati bei bado iko chini. Kila debe la maharage utakaloongeza linasogeza mbele kwa siku 35 ile tarehe ambayo chungu kinaanza kula kilo 3.6. Hata hivyo usitegemee ghala likufikishe peke yake hadi mavuno ya mwishoni mwa Mei. Panda ukanda mdogo wa mahindi ya muda mfupi na kunde mvua za kwanza zinapotulia, ili Machi mpate mabichi na majani.

Kisha panga siku moja ya kuhesabu tena: Novemba mosi. Kwa magunia 11 na kwa namba zile, siku hiyo mnapaswa kuwa mmekula kilo 400 na kidogo, na ghalani mkaona karibu magunia sita, mbali na mbegu. Mkiyakuta sita, endeleeni. Mkiyakuta matano, msisubiri kuona mvua itakuwaje. Uzeni mbuzi wiki hiyohiyo mnunue gunia moja, kabla wenzenu walioishiwa hawajaingia sokoni Kibaigwa kutafuta mahindi hayohayo.