Simba Amefukua Managu ya Mama

SWALI: Shangazi, habari ya kazi. Mama yangu amekuja kutoka Kakamega kukaa nasi hapa Dagoretti hadi Krismasi. Vuli ilipoanza alilima nyuma ya nyumba, akachanganya udongo na samadi ya kuku aliyopewa na jirani siku hiyo hiyo, akapanda managu, sukuma wiki na dhania. Mbwa wetu Simba, wa mwaka mmoja, ameshafukua hapo mara tatu. Paka naye amefanya dhania kuwa kitanda. Juzi mama alikuta miche imetapakaa, akasema mbwa afungwe mnyororo usiku na mchana, la sivyo yeye arudi nyumbani. Mume wangu anasema mama anakuza mambo. Isitoshe, konokono wamejaa na nataka kuwanunulia dawa. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, nianze na hiyo dawa. Usiinunue. Punje za konokono zenye metaldehaidi, mbwa huzila kama chakula, na ni sumu kali. Vuli moja nilizinyunyiza jioni kwenye spinachi yangu. Kabla ya kulala nilimkuta mbwa wangu kwenye sakafu ya jikoni, miguu imekakamaa, mwili wote unatetemeka, mate yanamchuruzika. Daktari wa mifugo alimwokoa, lakini ule mtetemeko wake bado ninao mikononi. Majivu nayo yakilowa hayamzuii konokono. Mvua ikikatika usiku, toka na tochi na glavu, inua majani ya chini, waokote uwatie kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo.

Simba hana ubaya na mama yako. Samadi mbichi ya kuku inamnukia mbwa kama kitu cha kuliwa, na udongo uliolimwa ukanyeshewa ni laini, hauchoshi kuchimba. Samadi hiyo pia inaunguza mizizi ya miche. Chukua konzi moja uinuse: ikikuwasha pua, haijaiva. Iliyobaki irundikeni, muifunike, ikae miezi miwili mitatu. Sehemu iliyopandwa izungushieni waya wa kuku wa kufika kiunoni, na ukingo wa chini uzikwe kama sentimita 20 ardhini, maana Simba atajaribu kupita chini. Kwenye dhania, kata vijiti vya bogenvilia vyenye miiba uvichomeke katikati ya mistari. Paka ataweka mguu mara moja tu.

Mnyororo usiku na mchana, hapana. Mbwa mchanga akifungwa hivyo kwenye mvua atabweka na kuwa mkali, na mama ndiye atakayeshinda naye mchana mkiwa kazini. Mtembezeni asubuhi kabla hamjatoka. Mpeni kona yake ya kuchimba, mbali na mboga, na pahali pakavu pa kulala barazani.

Sasa mumeo. Mwambie, kwa upole lakini mwambie, kwamba mama hakuzi mambo. Mtu wa umri wake ameinama na jembe ili nyinyi mle mboga, halafu kazi ile inafukuliwa mara tatu na hakuna aliyemwambia pole. Kilio chake kiko hapo. Na kuhusu mbwa na mboga ana haki: kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo, na mayai hayo hukaa udongoni muda mrefu. Kiokoteni kila siku, msikitie kwenye mbolea, na mboga zioshwe vizuri. Simba apewe dawa ya minyoo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kama yake imepita, mpelekeni wiki hii, kisha mama aonyeshwe kadi. Mvua hizi pia zina kupe, kwa hiyo mchunguze masikioni na katikati ya vidole.

Jumamosi mumeo ashike nyundo, mama aonyeshe nguzo zisimame wapi. Managu mapya yakifikisha wiki tano hivi, toka na mama mkakate ncha za kwanza pamoja, myaache yachipue matawi.