Kidonge anakimeza na nini?

Chake Chake, Jumapili usiku

Mwanangu,

Umeniuliza kama upungufu wa damu wa mjukuu wangu ni wa kurithi, maana miezi mitatu anameza vidonge vya chuma na damu haipandi. Kwanza niambie: anakimeza na nini?

Nauliza kwa sababu ya kaka yako. Bibi yako, Mungu amrehemu, kila asubuhi akimteremshia kidonge kwa chai ya rangi iliyokolea, na mwezi ukiisha tunapewa vyengine. Mimi wa maabara nikiangalia tu! Mpaka leo linaniuma. Chuma hakiingii kwa wingi, kinaingia kwa mlango.

Chuma cha mchicha kinafika mwanzo wa utumbo mwembamba kikiwa feriki, yaani chuma kilichopungukiwa elektroni tatu, na hivyo hakipiti. Juu ya seli za utumbo pana kimeng'enya, sitokromu b ya duodeni, kinakipa elektroni moja kiwe ferasi, kilichopungukiwa mbili tu. Ndipo mlango wa seli uitwao DMT1 unakipokea. Ndimu husaidia kazi hiyohiyo, tanini za chai hukikamata njiani. Upande wa pili kinatoka kwa mlango uitwao feropotini, na hefestini, kimeng'enya chenye shaba, hukirudisha feriki ili transferini, mchukuzi wa chuma ndani ya damu, ikibebe. Lakini ufunguo uko kwenye ini: likimwaga homoni ya hepsidini kwa wingi, feropotini inafungwa, chuma kinakwama ndani ya seli ya utumbo mpaka ibanduke baada ya siku chache, kiishie chooni.

La kurithi lipo. Ini lina kimeng'enya, matriptezi-2, cha kuizuia hepsidini isizidi. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba jeni yake, TMPRSS6, ikiharibika, hepsidini hubaki juu hata mwili ukilia njaa ya chuma. Sharti mtoto apate nakala mbovu kwa baba na kwa mama. Najua unawaza kwamba wewe na mumeo ni watoto wa ndugu. Nami nawaza. Hata hivyo ni nadra mno. Chai na safura ni vya kila siku.

Basi mpe kidonge kwa maji na ndimu, tumbo tupu, chai na maziwa baada ya masaa mawili. Apimwe choo, feritini (akiba ya chuma), ujazo wa transferini, na aina za hemoglobini, kwani selimundu na thalasemia, magonjwa ya hemoglobini, nazo hurithiwa, na huko chuma cha ziada chaweza kumdhuru. Kwa wiki 4 hemoglobini ipande angalau gramu 1 kwa desilita. Isipopanda, na safura haimo, na transferini iko karibu tupu, hapo muulizeni daktari juu ya chuma cha mshipani. Kwa ugonjwa ule wa TMPRSS6 husaidia, ingawa si kikamilifu.

Ulimi unaniwasha niseme ni kurithi. Sisemi. Mlango kwanza. Niandikie anakimeza na nini.

Mama yako