DAC Mpya, Muziki Uleule: Majibu kwa Wasomaji

Maswali ya DAC, kile kifaa kinachogeuza namba za wimbo wa dijitali kuwa umeme wa sauti, yamejaa tena, na nusu yake ni swali moja lililobadilishwa nguo: nimenunua kiboksi, mbona sisikii tofauti? Nimechagua yale yanayonipa nafasi ya kusema ninachotaka kusema. Walioniuliza DAC ni kitu gani nimewaruka.

Shikamoo fundi. Nimenunua DAC ya laki tatu, nikaichomeka kwenye simu ya Android. Hedifoni zangu ni nzuri, nyimbo zote ni MP3 za 320 nilizoshusha YouTube. Sauti ni ileile. Nimepigwa? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Aliyekuuzia hajakupiga, umejipiga mwenyewe, na jibu umeliandika katikati ya barua yako. YouTube haina sauti ya MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ya kukupa. Ile tovuti unayoshushia inachukua sauti iliyokwisha kubanwa kwa kilobiti 128 hivi kwa sekunde, inaibana mara ya pili, halafu inaandika 320 kwenye jina la faili. Gunia limebadilishwa lebo, mchele ni uleule, tena sasa una chenga zaidi.

Usiniamini mimi. Chukua kompyuta, weka programu ya bure inayoitwa Spek, fungua wimbo wako mmoja. Utaona mchoro wa rangi unaopanda kuonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu. Kwenye faili zilizotoka huko, mara nyingi rangi zinakatika ghafla kwenye kilohezi 16 (mitetemo 16,000 kwa sekunde), mstari umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Juu ya hapo ni giza. DAC ya laki tatu italisoma giza hilo kwa uaminifu mkubwa.

Nunua albamu moja tu unayoipenda katika muundo wa FLAC, usiopunguza sauti, duka la mtandaoni la Bandcamp wanauza, au tumia Apple Music, ambayo tangu 2021 inatoa sauti isiyopunguzwa bila kuongeza bei. Kisha rudi usikilize. Na hata hapo usitegemee muujiza: simu nyingi za siku hizi DAC yake ya ndani si mbaya, na kama hedifoni zako ni nyepesi kuzisukuma, tofauti itakuwa ndogo. Kama ningekuwa na hizo laki tatu, zingeenda kwenye hedifoni.

Jambo la Android lenyewe ni dogo kuliko watu wanavyolikuza. Kwa kawaida simu inachanganya sauti zote, pamoja na mlio wa ujumbe, na kuzipeleka kwa kilohezi 48, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, hata kama wimbo wako ni wa 44.1. Programu kama USB Audio Player Pro inapita kando ya mchanganyiko huo, na kuanzia Android 14 mfumo wenyewe umefungua njia kwa simu na programu zinazokubali. Fanya hivyo, ni sawa. Lakini kwanza zima ekwalaiza ya simu na vile vikorombwezo vya "sauti ya sinema" ulivyowasha siku uliyoinunua ukavisahau.

Ni kweli DAC mpya lazima iachwe ikicheza saa 200 ndipo sauti ifunguke? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Kinachozoea ni masikio yako, na kwa muuzaji huo ndio muda wa kurudisha bidhaa unakwisha.

Nimeunganisha TV na amplifaya kwa kile kiboksi kidogo chenye waya wa mwanga. Taa inawaka, sauti hakuna. Nimebadilisha kiboksi mara mbili. (Msomaji, Dodoma)

Nimelijibu hili mpaka nimechoka, kwa hiyo leo likateni mkalibandike nyuma ya TV. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, tafuta sehemu ya kutoa sauti ya dijitali, ondoa "Auto" au "Dolby", weka PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Basi. Vile viboksi vya bei ya chini havijui kufungua Dolby. Vinapokea data visivyoielewa na kunyamaza, au vinatoa mchakato, ile sauti ya shaaa, kama mvua juu ya bati.

Kama bado kimya, chomoa waya uutazame ncha. Waya mpya huja na vifuniko vidogo vya plastiki angavu, karibu havionekani, na nimeshaona mtu amevisukuma ndani ya tundu kwa nguvu vikiwa bado vimevaliwa. Ukichomeka upande wa TV, upande wa pili lazima utoe mwanga mwekundu. Hakuna mwanga, tatizo liko kwenye TV au waya. Vile viboksi viwili ulivyorudisha dukani vilikuwa vizima.

Nimerithi amplifaya ya marehemu baba, ya miaka ya sabini. Nikipitisha DAC yangu, besi inafunika kila kitu na sauti inakwaruza hata nikiifungua kidogo tu. DAC ni mbovu? (Msomaji, Zanzibar)

Pole kwa msiba, na hongera kwa kuitunza amplifaya badala ya kuiuza kwa kilo. Geuka nyuma yake usome: waya wako umeingia penye neno PHONO. Tundu hilo ni la sahani za santuri. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, milivolti 5 hivi, wakati DAC ya kawaida hutoa volti 2. Umeipelekea mara 400 ya ilichokitarajia. Zaidi ya hapo, sahani hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imezidishwa, kwa hiyo mlango ule wa PHONO umejengwa kurudisha besi juu na kushusha nyembamba. Muziki wako haukuwa umepunguzwa besi, ndiyo maana unavuma.

Hamishia AUX, au TAPE upande wa kuingiza. Zote zinafaa, hakuna iliyo bora.

Ukiwa hapo, acha sauti ya DAC na ya simu juu kabisa, kisha ongoza kwa kitasa cha amplifaya. Wengi hufanya kinyume: simu nusu, DAC nusu, halafu amplifaya inafunguliwa mpaka mwisho ndipo wasikie kitu, na pamoja na wimbo wanapandisha mchakato wote uliokuwa umelala chini. Kitasa kikikwaruza ukikizungusha, ni vumbi na kutu. Mpe fundi akinyunyizie dawa ya kusafishia. Na mwambie atazame kapasita kubwa za umeme, zina umri kukuzidi wewe.

Laptopu ikiwa kwenye chaja, spika zinanguruma mmmm. Nikichomoa chaja, kimya. Rafiki kaniambia nikate ule mguu wa athi kwenye plagi ya amplifaya. (Msomaji, Nakuru)

Rafiki huyo usimkaribishe tena nyumbani akiwa na koleo.

Huo mngurumo ni umeme wa ukutani, hezi 50, unaozunguka kwa sababu laptopu na amplifaya zimeshika ardhi kwa njia mbili, na waya wa sauti ukawa daraja kati yao. Ukikata athi, kweli mngurumo unaondoka. Unaondoka pia ulinzi pekee uliokuwepo siku waya wa moto utakapogusa bodi ya chuma ya ile amplifaya, na atakayeigusa kwanza huenda ni mtoto anayetafuta katuni.

Anza na kisicho na gharama. Chomeka laptopu na amplifaya kwenye ekstensheni moja badala ya kuta mbili. Ikishindikana, tafuta DAC yenye tundu la mwanga na kompyuta inayotoa hivyo. Mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo mzunguko unakatika palepale. Mwenye USB pekee anaweza kununua kitenganishi cha USB, kadude kadogo kanakokaa kati ya laptopu na DAC. Na kama hutaki kutumia hata shilingi, sikiliza kwa betri.

Kama sauti si mmmm bali ni kijisauti chembamba kinachobadilika ukisogeza kipanya, huo ni uchafu wa USB ya kompyuta yenyewe. Hamisha tundu. Mara nyingi inatosha.

Na maadamu tuko kwenye soketi: acheni kuchokonoa tundu la juu kwa ncha ya biro ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu lile ndilo linalofungua vilango vinavyozuia vidole vya watoto. Adapta ni bei ya soda.

Muuzaji anasema nisichukue DAC isiyo na MQA. (Msomaji, Arusha)

Muuzaji ana stoo ya zamani. MQA ni njia ya kufungasha sauti ya ubora wa juu kwenye faili. Kampuni ya MQA iliingia kwenye ufilisi 2023 ikauzwa, na Tidal, huduma ya muziki mtandaoni waliokuwa wateja wake wakubwa, waliachana nayo 2024 wakahamia FLAC. Chukua ya bei ndogo.

Chipu ya ESS au AKM, ipi ina sauti tamu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hizo ni kampuni mbili zinazotengeneza chipu iliyo moyo wa DAC. Kiwanda cha AKM cha Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020, chipu zikaadimika, na kampuni kadhaa zikalazimika kubuni upya vifaa vyao kwa chipu za ESS. Wasikilizaji wengi wangeona tofauti hiyo kwenye karatasi ya maelezo tu. Chipu zote hizi zimepita uwezo wa masikio zamani. Tazama volti za kutoka, matundu unayoyahitaji, na kama duka litakubali kuipokea ikirudi.

Nimeweka kompyuta itoe kilohezi 384 ili kupata ubora wa mwisho kwenye taarab za zamani, hasa Siti binti Saad. Niko sawa? (Msomaji, Muscat)

Mapenzi uko sawa, hesabu umekosea. Sikio zima la kijana husikia mpaka kilohezi 20. La mtu wa umri wangu linaishia chini sana ya hapo. Ili kunasa sauti ya kilohezi 20 unahitaji sampuli zaidi ya 40,000 kwa sekunde, ndiyo maana sidii ilipotoka 1982 ilikuja na 44,100. Kuinua faili la 44.1 mpaka 384 ni kuongeza tarakimu katikati ya tarakimu, wimbo hauongezeki. Iache kompyuta itoe kasi ileile ya faili.

Ama Siti, alikwenda Bombay 1928 kurekodi kwa HMV, kampuni ya santuri, kwenye sahani zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Sauti nyembamba za juu hazikuingia kwenye sahani zile tangu siku ya kwanza. Kitakachokupa Siti bora si namba, ni nakala: nani aliihamisha sahani, kwa sindano ya ukubwa gani, na je, aliisafisha mpaka akaondoa mchakato pamoja na pumzi ya mwimbaji? Nakala zilizosuguliwa hivyo ni nyingi, na sauti yake inakuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya mtungi. Ukipata yenye mchakato wake, ishike hiyohiyo. Sikio baada ya dakika mbili linauruka mchakato lenyewe, lakini kilichosuguliwa hakirudi.

DAC yangu itaboresha spika yangu ya Bluetooth? (Msomaji, Kampala)

Spika ya Bluetooth ina DAC yake ndani. Yako haishiriki kabisa, iko pale mezani inawaka taa tu.

Fundi, nina DAC nzuri na spika za kusimama nilizoletewa na kaka yangu, lakini sebuleni maneno ya nyimbo hayashikiki, kila kitu kinaruka. Nibadilishe DAC? Nimeona watu wanabandika trei za mayai ukutani. (Dada, Mombasa)

Dada, asante. Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri, maana wenzako wote wanauliza habari ya kiboksi na hakuna anayetaja chumba.

Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio wa chuma unaofuata kofi, hicho ndicho kinachokula maneno. Vigae chini, saruji pande nne, dirisha kubwa la kioo: sauti inatoka kwenye spika mara moja na kukufikia mara nyingi. DAC haina dawa ya hilo, hata ya milioni tano.

Tandika zulia zito kati yako na spika. Weka mapazia mazito, yenye mikunjo, hadi chini. Sofa ya kitambaa inasaidia kuliko ya ngozi. Kabati la vitabu kwenye ukuta wa nyuma yako ni bora kuliko ukuta mtupu. Kisha zitoe spika kwenye kona, maana kona inapandisha besi mpaka iwe ngurumo, zisogeze mbele ya ukuta kadiri njia ya watu inavyoruhusu, na ukae ili wewe na spika mbili mfanye pembetatu yenye pande sawa. Ile spika ndogo ya sauti nyembamba iwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Kama mojawapo iko nyuma ya kochi au imelazwa juu ya kabati la vyombo, najua wengi mnafanya hivyo, usiniandikie tena mpaka uishushe.

Trei za mayai hapana. Hazinyonyi besi, hata sauti ya katikati hazinyonyi kwa maana, na ni makaratasi makavu yaliyobandikwa chumba kizima. Cheche moja ya soketi inatosha. Walioziweka studio waliona kwa mwenzao, naye aliona kwa mwenzake.

Nikiwasha DAC spika zinapiga "dup!" ya kutisha. (Msomaji, Bujumbura)

Unawasha amplifaya kwanza. Anza na kompyuta au simu, fuata DAC, mwisho amplifaya ikiwa imeshushwa sauti. Kuzima ni kinyume chake, amplifaya inatangulia. Na umeme ukikatika ghafla, zima amplifaya kwa swichi yake palepale gizani, usingoje urudi.