Barua kwa mwanangu, na ile saa ya babu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku, asubuhi nikairudia. Unauliza eti mtoto wa miezi mitatu, ambaye hata shingo ndo kwanza imekaza, ana dhambi gani mpaka mchungaji aseme kazaliwa nayo. Hasira yako naielewa, maana mimi nilipokupakata mara ya kwanza sikuona dhambi, niliona masikio ya mama yako tu.

Wanaosema hivyo wanaanzia Zaburi 51, Daudi anavyosema mama yake alimchukua mimba hatiani, halafu Warumi 5, dhambi kuingia kwa mtu mmoja. Augustino, askofu wa zamani kule Afrika Kaskazini, ndo alilikazia sana, akaandika hata kwamba aliwahi kuona kichanga hakijui kuongea lakini kimepauka kwa wivu kinamkodolea macho mwenzake wanayenyonya naye. Hapo huwa nambishia, huyo mtoto alikuwa na njaa bwana! Na Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na Waorthodoksi nao wanafundisha tumerithi kufa na udhaifu, siyo hatia yenyewe ya Adamu. Kwahiyo siyo wewe wa kwanza kukwama hapo.

Ila mimi sikuhitaji kichanga kunithibitishia kitu. Unaikumbuka saa ya babu?

Ulikuwa na miaka tisa, saa haionekani, nikakushuku wewe. Ulisema "baba sijaigusa" mara tatu, na mara zote tatu nikakuchapa, ya nne ukanyamaza. Jumapili nikasimama kuwafundisha watoto habari ya kusema kweli, na wewe umekaa mbele pale. Jumatano navaa lile koti la kijivu, mkono unaingia mfukoni unapitiliza, mfuko umetoboka, vidole vinagusa kitu kigumu huko chini kwenye bitana. Saa. Imesimama saa nne na robo.

Unajua nilichowaza kwanza? Siyo kwamba nimemwonea mwanangu. Niliwaza niiweke wapi ionekane ilianguka. Nikaitupia nyuma ya kabati, jioni "nikaiokota" mbele yenu nyote nikasema haya, yameisha. Yameisha! Kama vile mimi ndo nilikuwa nakusamehe wewe. Nimeshakwambia mara ngapi, moyo wa mtu una wakili wake, tena wa bure. Wangu siku hiyo alikesha: mtoto mwenyewe mtundu, mzazi akijishusha ataharibu malezi, mbona vipigo vyenyewe vidogo.

Na amri nilikuwa naijua, si ndo nilikuwa naifundisha? Hiyo ndo Paulo analia nayo Warumi 7, jema analopenda halitendi. Kuna mtu anaitwa Pelagius, alifundisha kwamba mtu akitaka anaweza kuishi bila dhambi, maaskofu wakakutana Karthago mwaka 418 wakalikataa fundisho lake. Mimi ningewapelekea tu lile koti.

Kesho yake nakuta mfuko umeshonwa, kwa uzi mweusi maana wa kijivu haukuwepo. Mama yako hakusema neno na mimi sikuuliza, mpaka tumemzika. Hadi leo nabishana na nafsi yangu, ile ilikuwa neema au alinifichia aibu tu? Maana neema haifichi, inakutaja kabisa halafu ndo inakusamehe. Lakini hapana, nilipopitisha kidole kwenye ule uzi nililia kuliko nilivyowahi kulia kanisani, na sikuwa nimefanya lolote la kustahili kushonewa. Waefeso wanaambiwa ni kipawa cha Mungu, haikutokana na nafsi zenu, na mimi nilikuwa nimeikariri hiyo miaka na miaka kama jina langu.

Sasa mjukuu wangu ana dhambi au hana? Nina jibu, limenikaa hapa kooni, ila sikwambii, wewe ndo mama yake na mchungaji wenu yupo, mbaneni. Ninachojua na huyo wakili atampata, sijui lini. Labda ni yeye Augustino alimwona, au ni njaa. Njaa bwana.

Koti bado ninalo. Mara mbili nilifika hadi mlangoni kwako usiku ule nikarudi. Nisamehe, mama. Sentensi hiyo nimeiandika mara tano, zile nne za mwanzo zilikuwa na "lakini" mbele yake.

Baba yako